Mwili Gerezani, Roho kwa Mungu: Maisha ya Nabii Simon Kimbangu

 

Swali moja limetufikia kutoka vyumba vingi vya maombi, nasi hatuwezi kulipita. Ndugu wanauliza: je, roho ya mtu inaweza kuibiwa? Inaweza kuuzwa, au kuwekwa mahali na mtu mwingine kama vile mtu anavyoweka mali yake? Swali hili halikutoka hewani. Sisi watu wa ziwa tunajua linatoka wapi. Mtumbwi unatoka usiku kuvua ndagala, upepo unageuka, kijana mmoja anazama na maiti yake haionekani. Haipiti juma, jirani akinunua mashine ya mtumbwi au mabati ya nyumba, watu wanasema amemtoa yule kijana. Mtoto anaungua homa, na macho ya jamaa yanamgeukia bibi yake. Tena wako wanaotembea nyumba kwa nyumba wakisema kwamba roho ya mgonjwa imefungwa ndani ya chupa chini ya maji, na kwamba itafunguliwa familia ikilipa.

Hatutaki kujibu kwa mabishano, kwa maana mabishano hayajamponya mtu. Tutasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye wengi walidai kuimiliki roho yake, huyu baada ya yule. Mtu huyo ni nabii Simon Kimbangu. Sisi si watu wa kanisa lake, na mafundisho ambayo kanisa lake linayo juu yake hatuyajadili hapa. Lakini kila kanisa la roho katika nchi hii, lililoanzishwa na Mwafrika, linajua kwamba yeye alitutangulia njiani.

Kabla ya kwenda kwake Kongo ya Chini, tukumbuke kwamba hata nchi yetu inaijua biashara ya watu. Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika huku kaskazini kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, nao wakaona unaingia, biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kushika njia za ziwa. Kituo kikubwa kilikuwa Ujiji, ng'ambo yetu. Baadaye Mohammed bin Khalfan, yule aliyeitwa Rumaliza, alituma watu wake wenye bunduki mpaka upande huu wa kaskazini, na Uvira iliwajua. Nguvu yake ilivunjwa mwaka 1894 na jeshi la Dola Huru ya Kongo, dola ambayo nayo ilikuja na mnyororo wake na mpira wake. Wazee wetu walifungwa shingoni, wakavushwa maji, wakabadilishwa kwa vitambaa na ushanga. Aliyewanunua alipata mikono, migongo na matumbo ya kuzaa. Akasema amemnunua mtu mzima. Lakini tuangalie vizuri: usiku ukiingia, tajiri huyo alimfunga mtumwa wake asikimbie. Kama kweli angeinunua na roho, mnyororo ulikuwa wa kazi gani? Mtu hafungi kamba kitu ambacho kimekubali kuwa chake.

Sasa twende kwa Kimbangu.

Alizaliwa Nkamba, kijiji cha Wakongo katika nchi ya Kongo ya Chini. Kanisa lake linahesabu siku ya kuzaliwa kwake kuwa 12 Septemba 1887. Baba yake aliitwa Kuyela na mama yake Luezi. Mama alikufa mtoto akiwa bado mdogo, akalelewa na mama yake mdogo aliyeitwa Kinzembo. Jina Kimbangu, katika maelezo ya watu wake, ni jina la mwenye kufunua yaliyofichika. Alisoma kwa wamishonari Wabatisti wa Uingereza kule Ngombe-Lutete, akabatizwa mwaka 1915 pamoja na mkewe, Mama Marie Muilu. Mungu akawapa wana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda.

Mwaka 1918 ugonjwa wa mafua makali ulipita duniani kote na kuua watu wengi mno katika Kongo. Katika mwaka huo Kimbangu alisikia wito. Hakuupokea kwa furaha. Alijitetea kwamba yeye si mtu wa kusoma sana na kwamba wako wachungaji wanaostahili kuliko yeye. Alipoona sauti hairudi nyuma alikimbilia Kinshasa kutafuta kazi, kama Yona alivyotafuta chombo cha kwenda mbali. Wito ukamfuata hata huko. Akarudi kwao.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa aliyeitwa Kiantondo, akaweka mikono juu yake na kuomba kwa jina la Yesu Kristo, naye akapona. Tangu siku ile kanisa lake linahesabu kuanza kwake. Habari zikatoka kama moto wa nyasi kavu. Watu waliacha mashamba, waliacha kazi za kampuni na za reli, wakabeba wagonjwa wao mpaka Nkamba. Hospitali za misioni zikabaki na vitanda vitupu. Vitabu vya nyimbo vikanunuliwa kuliko siku zote.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo swali letu lilipo.

Wakongo, kama sisi, walikuwa na hofu ya roho kuliwa. Waliamini kwamba ndoki, yaani mlozi, anaweza kuila roho ya mtu usiku na mwili ukabaki ukidhoofika mpaka ufe. Basi mtu mwenye hofu alikwenda kwa mganga, na mganga akamtengenezea nkisi, dawa iliyofungwa katika sanamu au katika mfuko, ili roho yake ilindwe humo. Tazameni jambo hili. Mtu mmoja, na juu ya roho yake wako wawili: mmoja anasemwa kuwa anaila, mwingine anasemwa kuwa anaitunza. Na mwenye roho analipa. Analipa kuku, analipa mbuzi, analipa kitambaa, na hofu haipungui, kwa sababu hofu ikipungua mganga atakosa chakula.

Kimbangu aliwaambia watu waitupe minkisi. Waliitupa. Njia za kwenda Nkamba zilijaa vitu ambavyo baba zao na babu zao waliviogopa, vimelala majanini kama takataka. Aliwataka waume wabaki na mke mmoja. Aliwataka waache ngoma za uchafu. Mambo haya wamishonari walikuwa wameyahubiri katika nchi ile kwa zaidi ya miaka 40, na sasa yalifanyika katika majuma machache, pasipo kiboko na pasipo faini. Wengine kati ya wamishonari wa Kiprotestanti walishangaa, na baadhi yao walimtukuza Mungu.

Lakini hatusemi minkisi ilitupwa kwa sababu Kimbangu alikuwa na dawa yenye nguvu kuliko ile. Kama angefanya hivyo, watu wangebadili mtunzaji tu. Yeye aliwaelekeza kwa Kristo, na juu ya roho yao hakuweka mtu mwingine. Walipotokea wengi waliojiita manabii katika miezi ile, wakitetemeka na kutabiri kila mmoja kwa namna yake, yeye aliwapima na wengine akawakataa.

Enyi watumishi wa maombi, fungueni Ezekieli sura ya 13, sehemu ya mwisho. Mtakuta habari za wale wanaowinda roho za watu. Na ni nani hao? Si bibi kizee wa kijiji. Ni watu wanaotabiri kwa ajili ya malipo, konzi za shayiri na vipande vya mikate. Sisi tulio katika kanisa la unabii tuisome sura hiyo polepole. Anayemwambia mgonjwa kwamba roho yake imo ndani ya chupa, kisha akataja bei, ndiye anayeandikwa mle.

Turudi Nkamba. Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, hakufurahi. Wenye kampuni walipoteza wafanyakazi. Mapadre wengi waliona watu wanatoka mikononi mwao. Tarehe 11 Mei 1921 msimamizi wa serikali aitwaye Léon Morel alikwenda Nkamba kujionea, akarudi akiwa na wasiwasi mkubwa. Tarehe 6 Juni alirudi na askari kumkamata nabii. Risasi zililia, mali za watu ziliporwa, lakini Kimbangu alipita katikati yao akaondoka. Kwa miezi mitatu alihubiri kwa siri, kijiji hata kijiji, na hakuna aliyemtoa. Kisha, tarehe 12 Septemba, yeye mwenyewe alirudi Nkamba, akajiweka mikononi mwa askari, na akawakataza watu wake wasipigane.

Ndugu wengine huuliza kwa nini alirudi, na wako wanaodhani alichoka. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyejificha miezi mitatu katikati ya watu waliompenda angeweza kujificha mwaka.

Alihukumiwa na baraza la kijeshi pale Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, chini ya kommandanti De Rossi. Hakuwa na wakili. Pamoja naye walisimamishwa wasaidizi wake, na kati yao dada Mikala Mandombe, mmoja wa wale wa kwanza kumfuata. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ilisomwa: fimbo 120, kisha kifo. Wamishonari wa Kiprotestanti waliomba asiuawe, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akachukuliwa mpaka upande mwingine wa koloni, Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi.

Kazi yake katikati ya watu, tangu kumponya Kiantondo mpaka kukamatwa, ilikuwa imechukua miezi mitano tu. Gereza lilichukua miaka 30.

Elisabethville ilikuwa mji wa shaba na mji wa Kiswahili. Mtu huyu wa Nkamba, aliyehubiri kwa Kikongo, aliishi miaka hiyo yote katikati ya lugha yetu, mbali na mke na mbali na kaburi la mama yake. Watu wa kanisa lake wanasimulia kwamba kwa muda mrefu alifungwa peke yake katika chumba chembamba, na kwamba alimwagiwa maji ya baridi yenye chumvi. Aliyemfunga ndiye aliyeamua saa ya kula kwake, nguo yake, mlango wake, na nani aone uso wake. Mtu akiuliza ni kiasi gani serikali inaweza kummiliki mtu, jibu ni hili: kiasi hicho chote, na mwili wake ni pamoja.

Na bado waliogopa. Mfungwa yule hakuwa na bunduki, hakuwa na chama, hakuandika kitabu. Sifa ya mwenendo wake gerezani ilikuwa njema. Lakini miaka ilipita, 10, 20, na serikali yenye reli, jeshi na meli haikuthubutu kumfungulia mlango azee kwao. Ni jambo lile lile la tajiri wa Ujiji na mnyororo wake wa usiku. Mwenye kitu hakiogopi kitu chake.

Hatutaki kusema mambo mepesi, kana kwamba gereza si kitu. Liliwavunja wengi. Walikuwako waliomfuata Kimbangu mwaka 1921 ambao, walipoona fimbo, walirudi kwa wamishonari wakanyamaza, na wengine walikana kwamba waliwahi kufika Nkamba. Tusiwacheke. Hapa kwetu, tangu vita vya Oktoba 1996 vilipoingia Uvira, tumeona watu wema wakikana jina la kabila lao, jina la baba yao, hata jina la kanisa lao, ili wapite kizuizi na kufika salama. Petro alikana kwa sababu ya mjakazi mmoja penye moto. Hatusemi roho zao ziliibiwa. Ziliogopa. Na roho iliyoogopa hurudi, kwa maana ingali na mwenyewe.

Basi serikali iligeukia wafuasi. Waliwahamisha kwa nguvu kutoka Kongo ya Chini, wakawatawanya katika koloni lote, mwaka baada ya mwaka, karibu mpaka mwisho wa utawala wao. Kanisa lake linahesabu familia kama 37,000. Kambi moja iliyosemwa kwa ubaya wake ilikuwa Lowa, penye mto Lualaba, na mto Lowa, ndugu, ni ule unaoshuka kutoka milima ya Kivu yetu. Shauri la serikali lilikuwa la akili ya kibinadamu: ng'oa mmea, tupa mbali, utakauka. Lakini waliohamishwa waliomba mahali walipotupwa, na majirani wao wa makabila mengine wakasikia. Dini iliyokuwa ya Wakongo peke yao ikawa na watu katika kila jimbo. Serikali iliwalipia safari wahubiri wa Kimbangu pasipo kujua.

Liko jambo lingine linalotugusa zaidi, nalo ni la watoto. Wana wawili wa nabii, Kisolokele na Diangienda, walichukuliwa wangali wadogo, wakapelekwa katika shule ya serikali kule Boma iliyoongozwa na mapadre. Dialungana alibaki Nkamba na mama yake. Fikirini akili ya jambo hili. Baba amefungwa na ni mtu mzima, hageuki. Lakini mtoto ni udongo laini. Kama roho inaweza kuibiwa, basi ya mtoto ndiyo rahisi kuliko zote: mwondoe kwao, mfundishe sala nyingine, mvike nguo nyingine, mpe kazi nzuri. Diangienda alikua, akawa karani katika ofisi za serikali hiyohiyo iliyomfunga baba yake. Na baadaye ni yeye aliyelisimamisha kanisa la baba yake kama mkuu wake wa kiroho, mpaka alipofariki mwaka 1992. Kisolokele alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru mwaka 1960. Kusoma na kuandika kwao kulitoka Boma, nao walikutumia kuandika barua na sheria za kanisa. Hatuwezi kusema shule iliwaibia. Iliwapa kitu, na roho zao zikachagua la kufanya nacho.

Na ni nani aliyewatunzia moto nyumbani? Ni Mama Marie Muilu. Wanahistoria huandika kurasa nyingi juu ya nabii na mistari michache juu ya mama huyu, na hilo si haki. Alikuwa mke wa mfungwa, akiangaliwa na serikali, naye aliongoza maombi ya siri kwa zaidi ya miaka 30. Watu walikuja kwake kama wanaokuja kununua mihogo au kusalimu jamaa, wakaomba, wakatoka.

Kimbangu alikufa hospitalini Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Hapa panakuja dai la mwisho, na la ajabu kuliko yote. Ilisemwa kwamba katika saa zake za mwisho mtawa wa hospitali alimbatiza, na kwamba amekufa Mkatoliki. Kanisa lake limelikataa neno hilo tangu hapo mpaka leo.

Ndugu zetu Wakatoliki wa Uvira ni majirani wema, tunazika pamoja nao na tunalia pamoja nao. Hatulileti neno hili kwa kuwachokoza. Lakini swali linabaki. Mtu anakataa kwa miaka 30, akiwa na akili zake na nguvu zake, kuacha alichoitiwa. Kisha analala kufa, mbali na mke, mbali na wana, mikononi mwa wale waliomfunga. Hata kama maji yalimwagwa juu ya kipaji chake, je, yalihamisha roho yake kama mhuri wa ofisi unavyohamisha kiwanja? Sisi tunasema hapana. Ubatizo ni neno kati ya mtu na Mungu wake, na mtu lazima awepo katika neno hilo. Na tunasema haya kwa ajili yetu pia. Mgonjwa aliyeletwa chumbani kwetu amezimia, asiyejua yuko wapi, tusimwandike katika daftari letu kesho yake kwamba tumempata. Amepona? Tumshukuru Mungu. Akiamka na akataka kurudi kwa Wapentekoste wake, tumsindikize mpaka njiani.

Basi wapendwa, tumeona waliodai. Serikali ilidai kwa hukumu na kwa ufunguo. Shule ilidai wana wake. Mtawa, kama ilivyosemwa, alidai kwa maji. Hakuna aliyeipata. Ezekieli sura ya 18, mstari wa 4, imekwisha kusema roho zote ni za nani, na Bwana wetu katika Matayo sura ya 10 ameweka mpaka kati ya kinachoweza kuuawa na watu na kisichoweza. Mistari hiyo mnaijua.

Lakini sasa tuichukue mistari hiyo mpaka penye mtumbwi uliozama. Mfalme wa Wabelgiji alikuwa na askari, na reli, na magereza, na miaka 30, na hakuweza kuichukua roho ya mfungwa mmoja. Je, mama mjane wa Mulongwe, asiyeweza hata kujinunulia chumvi, ataichukua roho ya mjukuu wake kwa kumtazama? Tunaposema bibi huyu amekula mtu, tunampa bibi enzi ambayo tumemnyima mfalme. Tena tunamnyima Mungu kilicho chake. Na tunajua yanayofuata neno lile: mawe, moto, nyumba kubomolewa, mtoto kufukuzwa alale sokoni. Damu hiyo si ya mfano. Imemwagika katika vijiji vya uwanda wa Rusizi na juu milimani, na waliomwaga wengine walitoka kwenye maombi.

Ziwa lina pepo zake, na kila mvuvi wa Kalundu anazijua. Mtumbwi mzito, mashine mbovu, taa chache, usiku wa mvua: hayo yanatosha kumzamisha kijana, na kilio cha mama yake ni kikubwa pasipo kukiongezea mshitakiwa. Ni kweli kwamba watu wabaya wako, na sumu iko, na wivu uko. Anayetia sumu ni mwuaji, na mwuaji ana mahakama yake. Ameua mwili. Hilo ni baya la kutosha, wala hatuna haja ya kumpa sifa kwamba amechukua na roho.

Tunaomba wazee wa kila chumba: asiruhusiwe mtu, hata awe na karama ya namna gani, kutaja jina la mtu katika maombi kwamba amefunga au ameuza roho ya mwingine. Anayeona maono ya namna hiyo ayalete kwanza kwa wazee watatu, kimya kimya, na pasiwe na malipo wala sadaka ya pekee. Familia ambayo imekwisha kulipa fedha ili roho ya mtu wao ifunguliwe, tuifuate nyumbani, tukae nayo, tuombe nayo, na tumpeleke mgonjwa hospitalini.

Tumalize habari za nabii. Katika miaka ya 1956 na 1957 waumini wa Léopoldville walichoka kuomba kwa siri. Watu kama 600 waliandika majina yao na kuiambia serikali kwamba, kama kuomba kwa jina la Yesu kwa namna ya Kimbangu ni kosa, basi iwakamate wote kwa siku moja. Majina 600, kila mmoja na lake, bila kujificha. Serikali haikuwakamata. Tarehe 24 Desemba 1959, usiku wa kuamkia Noeli, kanisa lilikubaliwa kwa sheria. Mama Marie Muilu hakuiona siku hiyo, kwa maana alilala tarehe 27 Aprili ya mwaka uleule. Mwaka 1969 kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu.

Mwaka 1960, kabla ya Uhuru wa 30 Juni, wana walifuata mwili wa baba yao Elisabethville. Ulitolewa katika kaburi la mji ule, ukarudishwa Nkamba na kuzikwa kijijini alikozaliwa. Mpaka leo mahujaji wanakwenda huko, na anayeingia Nkamba huvua viatu.